Kuhasi Nyumbu na Punda

Swali tunaloulizwa mara nyingi ni hili: nyumbu hazai, sasa ahasiwe kwa nini? Ni kweli kwamba nyumbu, yaani baghala, akiwa mtoto wa punda dume mwenye kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) 62 na farasi jike mwenye 64, hupata 63 zisizogawanyika jozi kwa jozi, na kwa hiyo dume lake ni tasa. Lakini korodani zake hutoa homoni ya kiume kama za dume lolote, naye akishabalehe huuma, hupanda majike na hupigana hata kumshika kukawa hatari. Tunashauri ahasiwe mapema, kati ya miezi 6 na 18, mradi korodani zote mbili zimeshuka.

Punda naye asihasiwe kana kwamba ni farasi mdogo. Mishipa ya damu ya korodani zake ni minene kuliko ya farasi wa ukubwa wake, hasa akiwa amekomaa, ndiyo maana hatutegemei koleo la kuponda mishipa peke yake bali tunaifunga pia kwa uzi unaoyeyuka mwilini. Ketamini, dawa ya usingizi, huisha upesi katika miili ya punda na nyumbu, na nyumbu huhitaji zailazini, dawa ya kutuliza, kwa takribani nusu zaidi ya kipimo cha farasi. Anayepuuza hayo humwamsha mnyama katikati ya upasuaji, na huo ni ukatili.

Chanjo ya pepopunda ni sharti. Tunakuomba pia umlete na mwenzake aliyemzoea, kwa kuwa punda aliyetengwa huweza kususia chakula, na punda asiyekula hujaa mafuta kwenye damu kiasi cha kuweza kufa. Maumivu huyaficha, akisimama kimya na kuacha majani, usidhani amepumzika, tupigie simu siku hiyohiyo.

Matone machache ya damu baada ya upasuaji ni ya kawaida, ila ikichuruzika mfululizo kwa zaidi ya dakika 15, tuite. Kuanzia siku ya pili mtembeze kila siku ili uvimbe upungue na kidonda kisizibe mapema. Punda dume atengwe na majike kwa wiki 6, kwani mbegu zilizosalia kwenye mirija bado zinaweza kutungisha mimba.