Mwanangu, lile duka la Mpemba halipo tena

Mwanangu,

Juzi kwenye simu uliniuliza kama lile duka la kona pale Magomeni bado lipo, nikakujibu juujuu tu maana koo lilishaanza kunikaba. Leo nimekaa nikuandikie vizuri. Halipo. Wenye nyumba wameuza, imevunjwa yote, sa hivi wamezungushia mabati na malori ya kokoto yanaingia na kutoka, wanasema linapanda ghorofa.

Wewe umelikuta ni duka la Mpemba ila mimi nalijua toka likiwa duka la kaya, yale ya bidhaa za mgao. Baada ya vita vya Kagera vitu viliadimika jamani, sukari, sabuni, hadi kiberiti, bibi yako ananiamsha alfajiri niwahi foleni na kadi ya kaya, nikichoka naweka jiwe linishikie nafasi, halafu nafika dirishani naambiwa imeisha rudi kesho. Unga wa njano, ule tuliouita unga wa yanga, tumeula mpaka basi.

Alivyoingia Mzee Mwinyi 1985 mambo yakaanza kulegea, ndo fremu ile akaichukua huyo Mpemba, kijana kabisa katoka Wete. Unakumbuka alivyokuwa anafunga sukari robo? Anakunja gazeti kama pembe, anamimina, anabana juu na kidole gumba, punje haidondoki.

Sasa kuna kitu sijawahi kukwambia. Baba yako alipopunguzwa kazini wewe ulikuwa darasa la pili, na nilikuwa nakutuma wewe dukani kwa sababu mimi nilikuwa naona aibu kwenda kukopa. Unarudi na unga kilo mbili na mafuta ya kupima, unaniambia mama, kasema ataandika. Miezi nane! Nisamehe kwa hilo mwanangu, ulikuwa mdogo sana kubebeshwa ile shughuli.

Na kwenye daftari hakuandika jina langu. Wengine wote kawaandika, mama fulani, baba fulani, sisi katuandika "Mkungu", kwa ajili ya ule mti wa uani kwetu, ili mtu akichungulia asijue ni nani anadaiwa. Hakuwahi kuniambia, nimekuja kujua siku anafunga.

Siku yenyewe nilienda kumsaidia kufungasha. Duka lilishapoa muda mrefu, vijana wananunua supamaketi, kodi inapanda, na magoti yake hayawezi tena kusimama kutwa nzima. Mizani kampa kijana wa genge. Akafungua daftari zake za zamani, akachana kurasa za Mkungu, akanipa, akasema haya chukua mama, yako haya. Nimefika nyumbani nikavaa miwani nikazipitia moja moja. Zote zimepigwa mstari mwekundu. Mwanangu, kuna miezi miwili pale najua kabisa hatukuilipa, Ramadhani ile na mwezi uliofuata, nayo kaipiga mstari vilevile.

Yuko kwao Pemba sasa, namba yake ninayo. Desemba ukija usinipangie safari nyingine, tupande boti twende Wete. Anakuuliza kila tukiongea, bado anakuita "kasema ataandika". Njoo na ile picha yako ya mahafali, ile kubwa, nilishamuahidi.

Mama yako