Mtafiti wa historia ya sanaa aione kazi yenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu namna tasnifu za uzamili na uzamivu katika historia ya sanaa zinavyoandaliwa siku hizi. Nimesoma rasimu kadhaa ambazo waandishi wake walifika mwisho wa utafiti bila kusimama hata mara moja mbele ya kazi wanazozichambua, na wasimamizi wao wakaridhia.

Picha za kwenye kompyuta zina msaada mkubwa, sikatai. Mtu huweza kuikuza picha hadi akaona nyufa za rangi ambazo mlinzi wa makumbusho asingemruhusu kuzisogelea. Hata hivyo, zinaficha ukubwa wa kazi. Katika ukumbi mmoja wa Louvre, makumbusho ya sanaa ya Paris, Mona Lisa, yenye kimo cha sentimita 77 na upana wa sentimita 53, inatazamana na Harusi ya Kana ya mchoraji Mwitalia Veronese, ambayo upana wake unakaribia mita 10. Kwenye skrini zote mbili zinaenea kiganjani. Anayeandika juu ya fahari ya Veronese bila kujua kwamba mtazamaji hulazimika kurudi nyuma na kuinua shingo, anaandika juu ya kitu kingine kabisa.

Lililonisukuma hasa kuandika ni upande wa nyuma wa picha. Nilipokuwa mwanafunzi wa uzamili, mhifadhi mmoja aliugeuza mbele yangu ubao mdogo uliochorwa, akaulaza taratibu juu ya kitambaa. Nyuma yake palikuwa na lebo mbili za karatasi, moja imechanika nusu, muhuri wa lakiri nyekundu, na nambari iliyopigwa kwa wino mweusi. Nambari ile ndiyo iliyonifikisha kwenye katalogi ya mnada, na katalogi ikanipa jina la mmiliki ambaye kwa miezi minane ya kusoma vitabu sikuwa nimemwona akitajwa popote. Kwa picha zilizouzwa Ulaya kati ya 1933 na 1945, alama za namna hiyo huweza kusaidia kubaini kama mwenye mali aliuza kwa hiari au aliporwa na Wanazi.

Chini ya rangi nako kuna habari. Picha ya Arnolfini na mkewe, aliyoichora Jan van Eyck mwaka 1434, ilipochunguzwa kwa miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho lakini huweza kupenya rangi, ilidhihirika kwamba mbwa aliye miguuni pao hakuwamo katika mchoro wa awali. Aliyejenga hoja yake juu ya mbwa huyo kuwa ishara iliyokusudiwa tangu mwanzo hana budi kuipima upya.

Kwa hiyo napendekeza vitivo visipitishe pendekezo la utafiti lisiloeleza ni kazi ipi mwanafunzi ataiona kwa macho yake, lini, na kwa fedha za nani. Fedha zikikosekana, mada ibadilishwe mapema, hata ikibidi achague kazi ya msanii asiyejulikana iliyo karibu naye. Tasnifu nzuri hazihitaji majina makubwa.

Makumbusho nayo yajibu barua za wanafunzi kwa wakati. Ombi langu la kuuona ubao ule lilijibiwa baada ya miezi mitano, ufadhili wangu ukiwa umebakiza wiki tatu.

Msomaji wako,
Mtafiti wa historia ya sanaa