Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Chanzo cha Mitala kwa Wamormoni

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kikundi cha masomo kilikuwa na swali moja: mitala ya Wamormoni ilianza na Joseph Smith, mwanzilishi wao aliyeuawa 1844, au Brigham Young aliyemrithi? Kanisa la Utah, la waliomfuata Young, lilisema Smith. Kanisa lililoundwa upya mwaka 1860 chini ya mwanawe, Joseph Smith III, lilimtaja Young.

Kosa linalojirudia katika kazi zetu ni kuandika mwaka mmoja panapotakiwa mitatu: wa tukio, wa kuandikwa na wa kuchapishwa. Ufunuo wenyewe wa mitala ni wa tarehe 12 Julai 1843, Nauvoo, mji wa Wamormoni huko Illinois, William Clayton akiwa mwandishi. Orson Pratt, mtume wa kanisa la Utah, aliutangaza hadharani mwaka 1852. Kwenye Mafundisho na Maagano, kitabu cha maandiko cha kanisa hilo, uliingia 1876, na tamko la 1835 la mume mmoja mke mmoja likatolewa. Anayeishika 1852 peke yake lazima amtwike Young kila kitu.

Hati za kiapo za Utah, za kuthibitisha mitala ya Smith, zilianza kukusanywa 1869, wakati wana wa Smith walipokwenda huko kuhubiri kwamba haikutoka kwa baba yao. Katika hati yake, Emily Partridge alitaja kuolewa na Smith tarehe 4 Machi 1843, kisha tena 11 Mei mbele ya Emma, mke wa kwanza wa Smith. Shajara ya Smith yaonyesha Emma siku hiyo alisafiri kwenda Quincy. Kuitupa hati nzima kwa sababu hiyo ni pupa: baada ya miaka 26 mtu hukosea tarehe, harusi yake haisahau. Emma naye alikanusha Februari 1879 kwamba mumewe alikuwa na wake wengine, lakini muulizaji alikuwa mwanawe Joseph III, mwenye maslahi katika jibu, na majibu yalichapishwa Oktoba, mama ameshazikwa.

Msiinukuu kama jibu hukumu ya 1894 katika kesi ya makanisa mawili kuhusu kiwanja cha hekalu huko Independence, Missouri. Kesi ilikuwa ya kiwanja, si ya mitala, na mwaka uliofuata mahakama ya rufaa iliitengua kwa sababu ya kuchelewa kudai.

Ushahidi mzito zaidi ni gazeti la Nauvoo Expositor, la wapinzani wa Smith, la 7 Juni 1844. William Law na mkewe Jane waliapa humo kwamba waliusoma ufunuo. Smith alikuwa hai, na akina Law hawakuwa watu wa Young. Mtambo wa gazeti ulivunjwa siku tatu baadaye. Majedwali ya mwaka ujao yaanzie hapo.

Mwenyekiti