Usimruhusu ang'oe hiyo swichi

Uyole, Mbeya
Jumapili jioni

Neema shoga yangu,

Kamwene! Nakusalimia kwa lugha ya ukweni kwako, maana nasikia siku hizi umekuwa Mhehe kuliko Wahehe wenyewe. Sisi hatujambo. Mama anauliza lini utakuja kula mbalaga, ndizi zetu za kupika. Baridi imeshaingia, jana alfajiri nimechota maji nikadhani vidole vimebaki ndooni.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, hasa pale uliposema fundi wa mtaani kwenu amekwambia kwa kuwa ufunguo unagoma kuzunguka, basi swichi ya gari, yaani kile kitasa cha kuwashia, imekufa, dawa yake ni kuing'oa, kuunganisha nyaya na kukuwekea kitufe cha kubonyeza. Ningekupigia ungenikatiza kila sentensi, nakujua, kwa hiyo nakuandikia. Usimruhusu. Angalau mpaka umalize kusoma hapa.

Unaikumbuka pikapu ya marehemu baba. Mwezi wa nne nilikwenda nayo Kiwira kuchukua ndizi. Nikaegesha penye mteremko, na kwa kuwa handibreki yake siiamini, nikakata usukani mpaka tairi la mbele likaegemea jiwe la ukingo wa mtaro. Ujanja wa baba mwenyewe. Nikazima, nikachomoa ufunguo. Mikungu ikapakiwa, mvua ya kule ikaanza bila kuaga, nikachomeka ufunguo. Unaingia, hauzunguki. Hata upana wa ukucha.

Nilichofanya nadhani na wewe umekifanya: nguvu. Mkono mmoja, kisha miwili, kisha akaja kijana wa kupakia na plaizi yake, "Dada, lete nikuzungushie." Niliuona ule ufunguo unajipinda kwa macho yangu, kama kijiko cha bati kwenye ugali uliolala. Bahati nzuri akapita mzee mmoja dereva wa Fuso. Akamtazama tu yule kijana, plaizi ikarudi mfukoni. Akaniuliza, "Tairi umelilaza kwenye jiwe?" Nikamwambia ndiyo. "Basi swichi haijafa, mwanangu. Imebanwa."

Kumbe ukichomoa ufunguo, ndani ya kile kitasa kuna kipande cha chuma kinachochomoza na kuingia kwenye pengo la mhimili wa usukani. Ndiyo maana usukani unagoma kuzunguka gari likiwa halina ufunguo. Ni kinga ya wezi. Sasa tairi likiegemea kitu, uzito unapanda mpaka kwenye usukani, usukani unakilalia kile chuma, na wewe unataka ufunguo ukivute kikiwa kimelaliwa hivyo. Utavunja ufunguo kwanza. Mzee akanikalisha kwenye kiti. "Usukani mkono wa kushoto, uvute kwa upande unaolegea. Usiuachie. Haya, ufunguo sasa, vidole viwili tu." Nikasikia tak, kasauti kadogo kama cha kubangua karanga, taa za dashibodi zikawaka. Giza linaingia Mwanjelwa, mikungu yangu ilikuwa imeshashushwa.

Nikajiona fundi. Wiki mbili baadaye, hapa hapa nyumbani, uwanja tambarare, matairi yamenyooka, ufunguo ukagoma tena. Nilitikisa usukani mpaka bega likaniuma. Hapo nikajua pikapu ina magonjwa mawili, na mzee wa Fuso alinitibu moja tu.

La pili lilikuwa ufunguo wenyewe. Ninaoutumia nilichongesha wakati baba anaumwa, kwa kunakili wa kwake ambao ulikuwa umeshalika. Ndani ya kitasa mmejipanga vibati vyembamba vya shaba, kila kimoja na springi yake, na meno ya ufunguo kazi yake ni kuviweka vyote sawasawa na kingo za silinda, ile sehemu ya ndani inayozunguka na ufunguo. Kikichungulia kimoja tu nje, kinatosha kukwamisha. Na mchonga funguo ananakili anachokiona: ukimpelekea mzee, anakurudishia mzee mwingine, ila huyu anang'aa.

Nilipokuwa nalalamika jikoni, mama akainuka, akaenda kwenye kopo la maziwa ya unga anakoweka stakabadhi za kanisani, akatoa ufunguo uliofungwa uzi mwekundu. Ufunguo wa akiba, ule uliokuja na gari! Miaka yote hiyo. Nikamuuliza kwa nini hakusema. "Kwani mliniuliza?" Nikaubandika juu ya wangu, nikavinyanyua mlangoni penye mwanga. Meno ya wangu yalikuwa vilima. Ya ule wa akiba, magenge. Ukazunguka mara ya kwanza. Sasa naendeshea nakala iliyochongwa kutoka kwa huo, wenyewe umerudi koponi kwa mwenye kopo.

Kwa hiyo anza na ufunguo, Neema, kabla ya fundi. Pekua nyumba nzima. Ukikosa, angalia kama kuna kibati kidogo chenye namba kilichokuja na funguo, au namba iliyogongwa kwenye ufunguo wenyewe: mchongaji mwenye mashine ya kufuata namba anaweza kukutolea meno kama yalivyotoka kiwandani. Na ule mzigo wako wa funguo za duka, geti, kabati na kile kiopena cha soda, uondoe. Kila shimo la barabarani unaning'inia na kupekecha swichi.

Baba Elia mwambie aweke chini hiyo oili. Kwa vumbi la Iringa la kiangazi, oili kwenye tundu la ufunguo inageuka tope, na tope hilo ndilo linaloshika vibati. Chukua penseli ya Elia, sugua ncha yake kwenye meno ya ufunguo pande zote mpaka yawe meusi, ingiza na utoe mara nyingi, futa, rudia. Unga wa penseli unateleza na haunasi vumbi. Na kwa kuwa lako ni otomatiki, siku ufunguo ukikataa kutoka, hakikisha kwanza gia imekaa P, ile ya kuegesha, sawasawa, usianze kuuvuta.

Yakishindikana hayo ndiyo fundi, tena mapema. Nakwambia mapema kwa sababu kwenye Toyota hizi za zamani kama yangu na yako, ile silinda haitoki mpaka ufunguo uzungushwe kwanza hadi ACC, ile hatua ya kwanza ya swichi. Yangu niliipeleka ingali inazunguka. Fundi akafungua terminali ya betri, akatoa makava ya chini ya usukani, akazungusha mpaka ACC, akasukuma pini kwa waya mwembamba kwenye katundu kadogo, silinda ikateleza ikaja mkononi kama punje ya hindi la kuchemsha. Akaiosha, akanionyesha uchafu wa kijivu uliotoka. Nilimlipa 15,000, na chai. Ukisubiri mpaka igome kabisa, hapo ndipo drili inapoingia na bei inabadilika. Ila kama ufunguo unazunguka vizuri halafu gari kimya, hilo ni jambo jingine: tazama betri, au kile kipande cha umeme kilicho nyuma ya kitasa, ambacho kinabadilishwa peke yake.

Sasa hicho kitufe. Sikikatai kwa sababu ya ushamba. Muulize fundi wako swali moja: kile chuma cha usukani atakifanyaje? Akivunja kitasa na kukiacha chuma ndani bila kitu cha kukishikilia, kinaweza kuchomoza siku yoyote wakati unatembea. Wewe unayeshuka Ipogolo kila asubuhi na watoto wa shule nyuma, sina haja ya kukuchorea. Akikuambia "hiyo haina shida, sista", chukua ufunguo wako uliopinda na uondoke.

Nitumie picha ya huo ufunguo, upande wa meno, kwenye mwanga. Halafu mama anasema umuulize mama mkwe wako, kwa adabu, kama na yeye ana makopo.

Wako,
Tusekile