Malkia Seondeok: tunaanza Jumatatu

Habari za jioni, wapendwa. Wengi wamechagua Malkia Seondeok, ile tamthilia ya Korea ya kituo cha MBC ya 2009. Ina sehemu 62, kwa hiyo tutatazama mbili Jumatatu na mbili Jumanne. Wenye bando dogo pakueni mapema.

Wanaoiacha njiani huishia sehemu za mwanzo. Majina ni mengi na miaka inarukwa, mtu akisinzia kidogo kapotea. Shikeni wawili tu: Deokman, binti wa mfalme anayekua bila kujua asili yake, na Mishil, mwenye kuikamata mkononi ikulu yote ya Silla, ufalme wa kale wa Korea.

Kabla ya kuanza, elewa ngazi za damu. Kiti cha enzi ni cha seonggol, ukoo mtakatifu. Mishil ni jingol, ngazi ya pili, na ndiyo maana pamoja na jeshi na wakuu wote alio nao bado anahangaikia kuolewa na mfalme. Halafu kuna Hwabaek, baraza la wakuu: uamuzi lazima uwe wa wote, mmoja akikataa jambo limekwama. Hapo ndipo fitina tamu zilipo. Mwangalieni Mishil anavyoinua nyusi kabla ya kusema. Go Hyun-jung, anayemwigiza, alistahili kabisa tuzo kuu ya MBC mwaka ule.

Msitafute mtandaoni jina la Bidam, mhusika mwingine humo, historia itawaharibia utamu. Na aliyekwisha kuitazama asimwage mtama humu. Maoni ni baada ya saa nne usiku.