Barua kwa yaya aliye Liège, Ubelgiji: huku ni baridi

Yaya wangu mpendwa, dada yangu mkubwa,

Juzi kwenye simu mwanao alinicheka. Nilimwambia nimevaa soksi jozi mbili na kofia ya sufu, naye akanijibu kwa Kiswahili chake cha kubahatisha kwamba Afrika hakuna baridi, mwalimu wao kasema. Nilikusikia na wewe nyuma yake ukicheka, halafu ukanyamaza ghafla. Najua ulichokikumbuka. Kabla hatujaagana ukaniomba nisikuandikie tena habari za bei ya dola wala za wakubwa. Ulitaka siku yenyewe, siku ya kawaida, ilivyoamka mpaka ilivyolala. Basi hii ndiyo, Jumanne ya mwisho ya Juni, hapa nyumbani Katuba, mjini Lubumbashi. Naiandika wazi kwa sababu wako akina yaya wengi huko wenye watoto wanaoambiwa maneno hayo hayo. Msomee mtoto.

Niliamka bado giza. Mwezi huu jua linachomoza saa kumi na mbili na nusu hivi, na watoto wa shule wanapita barabarani kabla halijatoka, mikono wameificha kwapani. Maji ya kwenye bidoni uani yalikuwa ya kuuma meno. Nilinawa uso haraka haraka nikakimbilia jikoni, kwa kuwa mama alikuwa ameshawasha mbabula, lile jiko letu la makaa, na uji ulikuwa unachemka.

Pale jikoni ndipo nilipokukumbuka. Chupa ya mawese, ile tunayoiweka dirishani, ilikuwa imegawanyika. Chini umejaa utando mzito wa rangi ya njano, kama samli, na juu yake yamebaki mafuta mekundu yanayotembea. Ukiinamisha chupa, mekundu yanakuja, ya njano yanakataa. Ulikuwa unaniambia nikiwa mdogo kwamba mawese nayo yamelala, tuyaamshe, na ulikuwa unayaweka karibu na makala, yaani makaa, mpaka yaanze kutoa machozi pembeni mwa chupa. Mama anafanya hivyo hivyo mpaka leo. Anaigeuza chupa kidogo kidogo, kila upande upate joto, na hasemi neno mpaka yote yawe mekundu. Mwambie mwanao kwamba mawese si mafuta ya aina moja. Ndani yake mna mafuta yanayoganda upesi na mengine yasiyoganda upesi, na baridi ndiyo inayoyatenganisha. Mwezi wa kumi, joto likirudi, chupa ile ile inakuwa nyekundu kutoka juu mpaka chini.

Sasa kuhusu mwalimu wake. Sisi tuko juu, kama mita 1,200 toka usawa wa bahari, na tuko kusini mwa ikweta. Mvua zilikata mwezi wa nne. Tangu hapo mbingu ni bluu tupu, hakuna wingu. Mchana jua linapasha ardhi vizuri, tunafika nyuzi 25 na tunavua masweta. Usiku ukiingia hakuna wingu la kulizuia lile joto, linapanda linapotea, na kukicha ziko asubuhi ambazo kipimo kinashuka chini ya nyuzi 10. Ni kama kulala bila blanketi. Na nyumba zetu, yaya, unazijua: saruji chini, bati juu, mlango una nafasi ya kupitisha vidole. Huko kwenu nyumba inapashwa joto na mtu anakaa ndani na shati. Hapa nyuzi 8 za nje ndizo nyuzi 8 za ndani, karibu.

Mwambie pia kwamba wiki ijayo, mwanzoni mwa Julai, dunia itakuwa mbali na jua kuliko siku nyingine zote za mwaka, kama kilomita milioni 152. Mwezi wa kwanza inakaribia mpaka milioni 147. Ninyi huko mnaungua mwezi huu huu ambapo jua liko mbali, kwa hiyo si umbali unaoleta baridi wala joto. Ni dunia ilivyolala ubavu. Mwezi wa sita inalielekezea jua upande wenu, na sisi tunalipata kwa mshazari. Saa sita mchana nilisimama uani nikatazama kivuli changu: kilianguka kusini, kuelekea ukuta wa jirani. Mwezi wa kumi kutakuwa na siku ambayo sitakuwa na kivuli kabisa saa sita, kwa sababu jua litanisimamia utosini. Aipime na yeye huko kwenu. Kivuli chake saa sita hakitaanguka kusini hata siku moja.

Kwenye ukuta wa sebuleni bado uko msalaba wa shaba wa papa, baba yetu, ule wa zamani, wa enzi ambazo watu wa hapa walikuwa wanautumia kama fedha kabla Wazungu hawajaleta zao. Nimeushika asubuhi, ni barafu. Ubao unaoushikilia wala hauna baridi hivyo, ingawa vyote viwili vimelala chumba kimoja usiku mmoja. Papa alinifundisha sababu: shaba inanyonya joto la kiganja na kulipeleka mbali mara moja, ubao unakuachia joto lako. Aliyajua haya kwa mikono yake, maana miaka yote ile alikuwa pale kwenye tanuri, chini ya lile bomba la moshi la mita 153, ambako shaba inayeyuka kwenye nyuzi 1,085. Alikuwa anasema kazini anaungua na nyumbani anaganda. Na mtoto ajue kwamba jimbo letu la zamani la Katanga lilibeba jina la Kiswahili, Shaba, kuanzia 1971 mpaka 1997. Mama yake alizaliwa Shaba, si Katanga. Napenda alijue hilo, kwa kuwa ramani anazosoma huko hazitamwonyesha.

Baada ya saa nne, jua lilipoanza kuwa jua, nilikwenda soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini. Wanawake wote wa upande wa kivuli walikuwa wamehamia upande wa jua na meza zao, njia ikabaki nyembamba. Makala yamepanda. Kila mwaka baridi ikiingia yanapanda, na umeme ukikatika jioni yanapanda tena, na miti ya miombo inazidi kuwa mbali na mji. Hilo linaniuma kweli. Muuza makala aliniambia kwamba zamani lori lilikuwa linakwenda na kurudi siku moja. Machungwa ni mengi, kabichi nazo. Uyoga na viwavi usiulize, hivyo ni vya mvua.

Nilimnunulia mama kikanda, vipande vinne vilivyokatwa kama soseji. Mwanao akiona picha atasema ni nyama. Mwambie ni mizizi ya maua, okidi za porini, inayotwangwa ikapikwa na unga wa karanga na pilipili. Mama alikula viwili akaacha viwili. Nilipomuuliza akasema hivyo ni vya yaya wako. Sikumjibu kitu.

Halafu makoti. Marobota ya mitumba yanafunguliwa mapema zaidi wakati huu, na makoti yanayotoka ni yale mazito ya kwenu, yenye vifungo vikubwa. Nilishika moja la kijivu, la sufu, bitana yake imeshonwa upya kwa mkono kwapani, kwa uzi ambao haufanani na koti. Mtu fulani alilipenda koti lile akalitunza. Ndani ya mfuko nikakuta tiketi ya basi iliyofuliwa mpaka maandishi yamefutika. Nilisimama nalo muda mrefu nikijiuliza kama aliyelivaa aliwahi kukaa kiti kimoja na wewe. Nimelinunua. Mama amelivaa sasa hivi ninapoandika, mikono imemzidi, ameikunja mara mbili.

Mchana haukuwa na jambo. Nimefua, nguo zimekauka kwa saa mbili kwa sababu hewa ni kavu. Hewa hiyo hiyo imenipasua midomo na visigino. Nimewapaka watoto wa jirani mafuta miguuni, walikuwa weupe kama waliokanyaga unga.

Kuna kitu kimoja cha saa nilitaka kukuambia, kinanifurahisha sana. Wakati huu wa mwaka mimi na wewe tuna saa moja. Ikiwa saa mbili usiku Lubumbashi, ni saa mbili usiku Liège, dakika kwa dakika, kwa sababu ninyi mmesogeza saa zenu mbele. Kinshasa, mji mkuu wetu wenyewe, wako nyuma yetu kwa saa nzima. Kwa hiyo mwezi huu yaya wangu wa Ulaya uko karibu nami kuliko ndugu wa Kinshasa. Mwishoni mwa Oktoba mtarudisha saa nyuma, tutaachana tena. Lakini saa zinalingana, mbingu hazilingani. Hapa kabla ya saa kumi na mbili jioni jua limekwenda na nusu saa baadaye ni giza la kugusa. Kwenu, uliniambia, jua linazama karibu na saa nne usiku, unawafungia watoto mapazia ili wakubali kulala. Mimi nakupigia nikiwa gizani na wewe unanijibu ukiwa juani.

Jioni moshi unalala. Lazima unakumbuka. Joto la ardhi likishaondoka, hewa ya baridi inabaki chini na ya vuguvugu inakaa juu yake kama kifuniko, na moshi wa mbabula zote za Katuba na wa nyasi zinazochomwa pembezoni mwa mji unakwama pale kwenye usawa wa mabati. Macho yanawasha, mama anakohoa. Lakini kifuniko hicho kinafanya jambo jingine ambalo nalisubiri mwaka mzima. Sauti nayo haipandi ikapotea, inarudishwa chini, inasafiri mbali. Ndiyo maana usiku wa baridi tunasikia treni. Msimu wa mvua siisikii hata kidogo toka hapa. Leo imepiga honi mara mbili na nikasikia hata vyuma vya mabehewa vikigongana, kana kwamba njia ya reli inapita nyuma ya choo chetu. Reli hiyo ilifika 1910, mwaka ule ule mji ulipoanzishwa, na mji ukaitwa Élisabethville kwa jina la malkia wa huko uliko, mpaka 1966.

Sasa nifike pale uliponyamaza kwenye simu.

Mimi nilikuwa na miaka saba, wewe kumi na mmoja. Mama na papa walikuwa kwenye matanga. Baridi ilikuwa kali, tukaingiza mbabula chumbani, tukaziba nafasi ya chini ya mlango kwa gunia. Mimi ndiye niliyeleta gunia. Nakumbuka wekundu wa makala na jinsi chumba kilivyokuwa kizuri, joto kila mahali. Halafu kichwa kikaanza kuuma, nikataka kulala tu. Wewe ulitapika. Kutapika huko ndiko kulikotuokoa, kwa sababu ulitaka kwenda nje, ukavuta gunia, ukaanguka mlangoni, ukaamka, ukarudi kunishika miguu ukaniburuta mpaka uani kwenye baridi. Mama jirani alitukuta tumelala kwenye mchanga. Kwa muda mrefu watu walisema ni wachawi.

Haikuwa uchawi. Makala yakiwaka ndani pasipo hewa ya kutosha yanatoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haikohozi mtu. Inaingia kwenye damu na kushika pale ambapo oksijeni ingeshika, tena inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200. Mtu analala hajui. Nayaandika haya hapa wazi, yaya, kwa ajili ya yeyote wa Lubumbashi, wa Likasi, wa Kolwezi atakayesoma usiku huu akiwa na mbabula karibu na kitanda: itoe nje. Makala mekundu yasiyo na moshi ni hatari vile vile. Mtu akiumwa kichwa au kichefuchefu, mtoeni kwenye hewa kwanza na kumpeleka hospitali, maswali baadaye.

Hapa nyumbani ile sheria yako haijabadilika. Uliitoa ukiwa na miaka kumi na mmoja na papa mwenyewe akaitii mpaka alipotuacha: mbabula inatoka kabla komeo halijafungwa, na anayeitoa ni mtu wa mwisho kwenda kulala. Watoto wa mjomba waliokuja kukaa kwetu wanaiita sheria ya yaya, na hawajawahi kukuona.

Leo wa mwisho ni mimi. Mama amelala na koti lake. Nimeibeba mbabula kwa kitambaa, nimeiweka katikati ya uwanja, mbali na ukuta, na nimekaa kando yake kumalizia barua hii kwenye simu kwa sababu vidole bado vinahitaji joto. Makala yamebaki matatu mekundu, mengine yamevaa majivu. Treni imepiga tena. Saa yangu inasema saa tatu na nusu, ya kwako pia, na huko bado kweupe. Mfungie mtoto pazia.

Mdogo wako