Barua kwa Zuhura, kutoka Córdoba, Hispania

Córdoba, 14 Oktoba

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Mimi mzima, miguu ndiyo haina uzima. Jana nilitembezwa saa tatu nzima juu ya vijiwe vya mtoni walivyotandaza vichochoroni hapa, na muda wote nilikuwa nakuwaza wewe pale Mji Mkongwe, unavyogeuka kila kona kuhesabu vichwa vya wageni wako. Safari hii kichwa cha kuhesabiwa kilikuwa changu.

Mtembezaji wetu ni mama wa makamo, ana mwavuli wa kijani asioufungua hata jua likiwaka. Kazi yake ni kuinuliwa juu tumfuate. Alizungumza Kiingereza, lakini akichangamka anateleza anaingia Kihispania. Tulipokuwa kwenye daraja la Warumi akawa anasimulia habari za jirani mmoja asiyetaka kumtaja, akamwita "fulano". Nikamkatisha: huyo fulano ndiye nani? Akasema, ah, mtu tu, yeyote. Zuhura, ni fulani! Fulani wetu yuleyule tunayemsengenya barazani, kumbe ana ndugu Hispania.

Basi hapo nikaharibika. Badala ya kusikiliza historia nikawa nawinda maneno. Azúcar ni sukari, azafrán ni zafarani, limón ni limau. Meya wao wanamwita alcalde, na asili yake ni kadhi. Hata hasta, wanaposema "mpaka kesho", wametoa kwenye hatta ya Kiarabu, kama sisi na "hata" yetu. Mto wenyewe, Guadalquivir, ni al-wadi al-kabir uliotafunwa kidogo.

Sasa msikiti mkuu wa hapa, ambao leo ni kanisa kuu la mji. Aliyeuanza ni Abdulrahman wa Kwanza, mwaka 785, yule aliyetoroka Sham baada ya Bani Abbas kuwamaliza jamaa zake. Nguzo zilizobaki ni 856. Picha unazoziona zinadanganya, maana zinakufanya udhani zote ni sawasawa. Nilisogea karibu: moja ya kijivu, laini kama chano kilichosuguliwa, jirani yake nyekundu ina michirizi iliyojizungusha kama kamba, na kichwa cha juu si chake, kimepachikwa tu. Nyingi ziliokotwa kwenye majengo ya Warumi na ya Wavisigothi, waliotawala hapa kabla ya Waislamu. Iliyokuwa ndefu ilizikwa kidogo sakafuni, fupi ikapewa kitako. Bado dari lingekuwa chini, ndipo mafundi wakapandisha tao juu ya tao, tofali jekundu na jiwe jeupe kwa zamu. Uzuri wote ule, shoga, ulitokana na uhaba wa nguzo ndefu.

Upande wa mashariki, alioongeza waziri Al-Mansur, mtembezaji akatuambia tutazame vizuri. Wekundu wa huko ni rangi imepakwa juu ya jiwe, si tofali. Nikacheka peke yangu. Miaka elfu imepita, na kazi ya serikali ni ileile.

Huyo Al-Mansur, inasimuliwa, ndiye aliyeteka kengele za kanisa la Santiago de Compostela, mbali huko kaskazini, mwaka 997, akawabebesha mateka wa Kikristo mpaka hapa, zikageuzwa taa za msikiti. Mji ulipotwaliwa na Mfalme Ferdinand wa Tatu mwaka 1236, kengele zikarudi kwa mabega ya mateka wa Kiislamu. Njia ileile!

Katikati ya nguzo kumesimama kanisa kubwa, refu, jeupe. Lilianza kujengwa mwaka 1523, na baraza la mji lilikataa kabisa, likatishia kumuua fundi yeyote atakayebomoa. Mfalme Carlos wa Tano ndiye aliyeruhusu. Mtembezaji akasema kwamba bila kanisa, huenda jengo lote lingebomolewa. Labda. Mimi lilinikera tu, kama mtu aliyesimama mbele yako sinema.

Mtaa wa Mayahudi tuliupita mbiombio. Sinagogi la mwaka 1315 ni chumba kimoja kidogo chenye nakshi za plasta, na nje mtaani kuna sanamu ya Musa bin Maymun, mwanachuoni wa Kiyahudi, ambaye baadaye alikwenda Misri akawa tabibu. Kiatu chake kinang'aa kwa kushikwashikwa. Na kwa nini mbio? Kwa sababu ilibidi tufikishwe kwenye duka la vyombo vya udongo, na huko hakuna aliyetuharakisha. Nilimwona mwenye duka anavyomsalimu mtembezaji wetu. Kamisheni hiyo, mwenzangu. Wewe angalau huwa unaniambia.

Leo nimerudi peke yangu. Kuanzia saa mbili na nusu mpaka saa tatu na nusu asubuhi, isipokuwa Jumapili, kuingia msikitini ni bure. Nikasimama mbele ya mihrabu, kwenye vyuma vya kuzuia watu. Dhahabu yake ni vijiwe vidogovidogo, kila kimoja kimelala upande wake, ukisogeza kichwa vinapokezana kuwaka. Waislamu hawaruhusiwi kusali humo. Nilisoma moyoni, mikono mfukoni, na mlinzi akanitazama kidogo, akageuka.

Nikija Desemba nataka unitembeze Mji Mkongwe kama mgeni, tangu Forodhani, na usiniruke hata mlango mmoja. Nitalipa. Dukani usinipeleke.

Msalimie mama na watoto.

Wako,
Rukia